Mdundo na mguu: pigo lisilobadilika linavyomsaidia mkimbiaji, na pale linapompoteza

Kila Alhamisi asubuhi, katika mji wa Iten ulio kwenye ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, wakimbiaji wengi hukusanyika kwenye barabara ya udongo mwekundu kwa mazoezi ya kubadilisha kasi: muda mfupi wa mbio kali, muda mfupi wa kupumua, kisha mbio kali tena. Mji huo uko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mgeni asiyeuzoea hewa yake huhema hata anapopanda ngazi. Hapana ngoma wala muziki. Kinachosikika ni miguu ya watu wengi ikigusa ardhi, na anayesimama kando ya njia akafumba macho husikia jambo ambalo macho hayamwonyeshi vizuri: hatua hizo ni nyepesi na za haraka, na mdundo wake haulegei hata pale njia inapopanda.

Mdundo huo umekuwa somo la wataalamu wa michezo kwa takriban miaka arobaini sasa. Wameuliza: je, mtu akipewa pigo lisilobadilika, liwe la ngoma, la wimbo au la kifaa kidogo kinacholia tik-tik, atakimbia vizuri zaidi? Jibu walilolipata ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti, na masharti hayo ndiyo yanayosahaulika ushauri unapopita kutoka mtu hadi mtu na kutoka simu hadi simu.

Jambo hili haliwahusu wapenda mazoezi wa mijini peke yao. Kwa vijana wa Kapchorwa, Kween na Bukwo humu nchini, kama ilivyo kwa wenzao wa Elgeyo Marakwet na Nandi ng'ambo ya mpaka, mbio ni kazi. Wengi wao hawana mshahara wala bima. Goti likivimba, au mfupa wa muundi ukipata ufa, msimu umekwisha, na pamoja nao karo ya wadogo waliobaki nyumbani. Kijana wa namna hiyo akiambiwa abadilishe hatua zake zifikie idadi fulani, anayemwambia hana budi kuwa na hakika na anachosema.

Kasi ni zao la vitu viwili

Mwendo wa mkimbiaji hutokana na vitu viwili tu: idadi ya hatua anazopiga kwa dakika, na urefu wa kila hatua. Ukizidisha kimoja kwa kingine, unapata kasi yake. Hakuna kitu cha tatu. Pumzi, misuli, viatu na ari, vyote hupitia katika mlango wa mojawapo ya hivyo viwili.

Mfano wa kawaida utaonyesha maana yake. Mtu anayekimbia kilomita moja kwa dakika sita atamaliza kilomita 10 kwa saa moja. Akipiga hatua 160 kwa dakika, atakuwa amegusa ardhi mara 9,600, na kila hatua yake itakuwa na urefu wa takriban sentimita 104. Akipiga hatua 170 kwa mwendo uleule, atagusa ardhi mara 10,200, na hatua yake itapungua hadi sentimita 98. Tofauti ni sentimita sita, upana wa vidole vitatu vya mkono. Saa haitaonyesha tofauti yoyote, kwa kuwa amefika kwa wakati uleule. Mwili, hata hivyo, umefanya kazi ya namna nyingine.

Tofauti hiyo iko pale mguu unapotua. Mwenye kupiga hatua ndefu kupita kiasi hutupa mguu mbele sana, kisigino kikatangulia na goti likiwa limenyooka. Mguu uliotua hivyo ni breki: kwa kila hatua mkimbiaji hujizuia kidogo kisha hujisukuma tena, kama dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa zamu. Mshtuko wa kila breki hupanda kupitia muundi hadi goti na nyonga. Hatua ikifupishwa kidogo, mguu hutua karibu zaidi na chini ya kiwiliwili, goti likiwa limekunjika, na mshtuko hupunguzwa na misuli kabla haujafika kwenye mifupa.

Mwaka 2011, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Bryan Heiderscheit wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji 45 wa kawaida wenye afya nzuri. Waliwakimbiza kwa kasi ileile, huku idadi ya hatua ikiongezwa au kupunguzwa kwa asilimia 5 na asilimia 10 kwa kufuata pigo la kifaa. Ongezeko la asilimia 5 peke yake lilipunguza waziwazi mzigo unaobebwa na goti. La asilimia 10 lilipunguza na ule wa nyonga. Tangu hapo matabibu wengi wa viungo wamekuwa wakiwapa wagonjwa wao wa magoti pigo la kufuata, jambo lisilogharimu hata shilingi moja kwa mwenye simu ya kisasa.

Namba 180 na mkasa wake

Anayetafuta ushauri kuhusu hatua za mbio hukutana haraka na namba 180. Huambiwa kwamba mkimbiaji mzuri hupiga hatua 180 kwa dakika, na kwamba asiyefika hapo ana kasoro. Namba hiyo ina asili yake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, kocha wa Marekani Jack Daniels aliketi uwanjani akahesabu hatua za wakimbiaji wa masafa ya kati na marefu. Karibu wote walipiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Daniels aliandika alichokiona, na maandishi yake yakaenea duniani.

Kilichopotea njiani ni kwamba watu aliowahesabu walikuwa mabingwa, tena wakiwa katikati ya mashindano. Idadi ya hatua huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Bingwa huyohuyo akifanya mazoezi mepesi ya jioni, hesabu yake hushuka. Tena Daniels hakusema 180 kamili. Alisema 180 au zaidi. Kilichokuwa sakafu ya mabingwa kikageuzwa kuwa dari ya kila mtu, na mzee wa miaka hamsini anayekimbia polepole ili kushusha sukari ya damu akaambiwa atembeze miguu kwa mdundo wa fainali ya Olimpiki.

Uchunguzi mwingine ulioongozwa na Geoffrey Burns na kuchapishwa mwaka 2019 unaiweka namba hiyo mahali pake. Uliwahusu wakimbiaji 20 walioshiriki mashindano ya dunia ya kilomita 100 nchini Uhispania mwaka 2016, watu wenye uwezo mkubwa na waliokimbia njia moja siku moja. Wastani wao ulikuwa hatua 182 kwa dakika, namba ambayo ingemfurahisha kila mtetezi wa 180. Lakini ndani ya wastani huo mlikuwa na mtu wa hatua 155 na mtu wa hatua 203. Wote walikuwa wakimbiaji wa kiwango cha dunia. Wastani, kama ilivyo kawaida yake, haukumfanana yeyote kati ya wale wawili.

Hivyo namba ya kuanzia ni ile ambayo mkimbiaji mwenyewe anayo. Huipata kwa urahisi: akishapata mwendo wake wa kawaida kwenye njia tambarare, huhesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa ardhi kwa sekunde 30, kisha huzidisha kwa nne. Akipata 40, hatua zake ni 160 kwa dakika. Ni vyema arudie siku mbili tatu, maana mtu anayejua kwamba anahesabiwa, hata kama mwenye kuhesabu ni yeye mwenyewe, huelekea kuharakisha miguu.

Kwa nini sikio linaongoza mguu

Kila aliyewahi kuhudhuria arusi au ngoma anajua kwamba mguu huanza kutikisika kabla mwenyewe hajaamua kucheza. Sehemu za ubongo zinazopokea sauti zimeunganishwa kwa karibu na zile zinazoongoza viungo, na sikio hupima muda kwa usahihi kuliko jicho. Pigo likirudi kwa kipimo kilekile, ubongo huacha kulisubiri na huanza kulitabiri. Mguu basi hauitikii pigo lililopita, bali hulipokea linalokuja, na ndiyo maana mtu hutua juu ya pigo lenyewe badala ya kuchelewa nyuma yake.

Faida ya utabiri huo ni uchache wa upotevu. Mkimbiaji aliyechoka hupoteza mdundo: hatua moja hurefuka, inayofuata hufupika, na kila badiliko huhitaji nguvu ya kulisahihisha. Pigo la nje humwondolea kazi ya kujirekebisha.

Mwaka 2012 kundi la watafiti, miongoni mwao Peter Terry wa Australia na Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel nchini Uingereza, lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa wanariadha 11 mahiri wa mchezo unaochanganya kuogelea, baiskeli na mbio. Walikimbia kwenye mashine hadi wakashindwa kuendelea, mara nyingine kwa kimya, mara nyingine kwa muziki uliopimwa ulingane na hatua zao. Penye muziki walidumu kwa muda uliozidi ule wa kimya kwa takriban asilimia 18 hadi 20, na matumizi yao ya oksijeni yalipungua kidogo. Cha kuzingatia ni kwamba muziki wa kuchochea ari na muziki usiogusa hisia yoyote ulitoa matokeo yanayokaribiana. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa Uholanzi ulioongozwa na Robert Jan Bood ulifika karibu na hapo kwa njia nyingine: wakimbiaji walipokimbia wakisikia pigo tupu la metronomu walidumu sawa na waliposikia muziki wa kusisimua, na katika hali zote mbili walidumu zaidi kuliko walipokimbia kwa kimya.

Metronomu, kwa wasioijua, ni kifaa cha wanamuziki kinachotoa mapigo kwa kipimo kisichobadilika. Johann Maelzel alikisajili kwa jina lake mwaka 1815, ingawa fundi wa Amsterdam, Dietrich Winkel, alikuwa amemtangulia kuvumbua namna ya kazi yake. Leo kimo ndani ya simu kwa njia ya programu za bure, na saa nyingi za wakimbiaji zinacho pia.

Matokeo hayo yasisomwe kupita yanavyosema. Kukimbia juu ya mashine hadi kuishiwa nguvu si sawa na mashindano ya barabarani, ambako kuna upepo, kona, milima na mpinzani anayebadilisha kasi kwa makusudi. Aidha, mbio zikifikia ukali wa juu kabisa, mwili hupiga kelele kuliko muziki wowote, na sikio huacha kusikiliza cha nje.

Wimbo wa Gebrselassie

Mfano unaotajwa kuliko yote kuhusu muziki na mbio unatoka Ethiopia. Mwezi Februari mwaka 1998, katika ukumbi wa ndani wa Birmingham nchini Uingereza, Haile Gebrselassie aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 4 na sekunde 52.86, huku vipaza sauti vikipiga wimbo wa "Scatman", kibao cha dansi kilichovuma miaka hiyo. Mwezi Juni mwaka huohuo alivunja rekodi mbili nje: mita 10,000 mjini Hengelo kwa dakika 26:22.75, na mita 5,000 mjini Helsinki kwa dakika 12:39.36. Habari ikaenea kwamba Mwethiopia huyo alikuwa akilinganisha hatua zake na wimbo.

Hesabu ndogo inatia shaka katika maelezo hayo yalivyo. Wimbo huo una mapigo yapatayo 136 kwa dakika. Kwa kasi aliyokimbia Birmingham, Gebrselassie alikuwa anakata karibu mita 410 kwa dakika. Kama angeweka mguu mmoja kwa kila pigo, kila hatua yake ingekuwa na urefu wa mita tatu. Huo ni mruko wa swala, na Gebrselassie ni mtu ambaye urefu wake haufiki hata mita 1.70. Ulinganifu wa mguu kwa pigo haukuwezekana. Wimbo ulimpa kitu kingine: kipimo cha kudumu ambacho hatua ziliweza kukizunguka, na bila shaka furaha. Ni somo kwa anayechagua nyimbo za mazoezi kwa kutazama namba tu. Sikio linaweza kuufuata mdundo kwa njia zaidi ya moja, kama mpiga msondo na mpiga chapuo wanavyokwenda kwa mapigo tofauti ndani ya ngoma moja.

Mchakamchaka ulitangulia

Kabla ya simu na metronomu, Afrika Mashariki ilikuwa na chombo chake. Nchini Tanzania, vizazi vya wanafunzi na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa vimeamshwa alfajiri kwa mchakamchaka: mbio za pamoja, mmoja akianzisha wimbo, wengine wakiitikia, miguu yote ikitua kwa pamoja. Katika mitaa ya Dar es Salaam vikundi vya mbio za mwishoni mwa wiki vimeurithi utaratibu huo, na huwasikia wakija kabla hujawaona.

Mchakamchaka haukubuniwa na mtaalamu wa viungo, lakini una hekima mbili ndani yake. Ya kwanza ni pigo lenyewe, linalomzuia mwenye nguvu asitoroke na kumvuta mnyonge asibaki. Ya pili haionekani haraka: anayeimba hawezi kukimbia kupita uwezo wa mapafu yake. Pumzi ikimwishia katikati ya kiitikio, amejua kwamba mwendo umemzidi. Metronomu ya simu haina kipimo hicho. Itaendelea kulia tik-tik hata kama mwenye simu anakaribia kuanguka.

Upungufu wa mchakamchaka ni kwamba mdundo ni mmoja kwa wote. Mrefu wa miguu na mfupi, mwepesi na mzito, wote hulazimishwa kupiga hatua sawa. Kwa nidhamu ya jeshi hilo ni jema. Kwa goti la mtu mmojammoja huenda lisiwe.

Wakenya wameegemea zaidi kundi. Katika kambi za Kaptagat, anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, mbio ndefu za barabara ya udongo huendeshwa kwa safu zilizobanana, na mgeni hufundishwa mdundo bila kuambiwa neno. Stephen Kiprotich, aliyeiletea Uganda dhahabu ya marathoni mjini London mwaka 2012, alijinoa katika nchi hiyo jirani. Kwamba binadamu wakikimbia pamoja hufuatana hatua hata bila kukusudia, limethibitishwa hadi katika mbio fupi: watafiti Manuel Varlet na Michael Richardson walipochambua picha za fainali ya mita 100 ya Berlin mwaka 2009, waliona kwamba Usain Bolt na Tyson Gay walikuwa wakiingia katika mdundo mmoja na kutoka humo mara kwa mara, ingawa kila mmoja alikuwa na umbo lake na njia yake.

Namna ya kuutumia

Anayetaka kujaribu hana haja ya kununua kitu. Akishajua idadi ya hatua zake, huongeza asilimia 5, si zaidi. Mwenye 160 huweka pigo la 168. Mwenye 170 huweka 178 au 179. Hukimbia dakika mbili kwa pigo hilo, kisha hulizima na kukimbia dakika kadhaa bila hilo, kisha hulirudia. Baada ya wiki chache, vipande vya pigo huweza kurefushwa.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya siku ya kwanza ni kuongeza kasi. Sikio linasema haraka, na mwili mzima unakimbilia haraka. Baada ya dakika tano mtu anahema na anaamua kwamba njia hii haimfai. Kasi inapaswa kubaki ileile, na kinachopungua ni urefu wa hatua. Kwa mwanzo ni rahisi zaidi kwenye njia ambayo mtu anajua huimaliza kwa dakika ngapi: akifika mapema, ameongeza kasi. Wakati wa kupanda mlima, mdundo hubaki na hatua hufupika zaidi. Wakati wa kuteremka, pigo humzuia asitupe miguu mbele, na huko ndiko magoti mengi huumia.

Misuli ya nyuma ya muundi na kano ya kisigino hupata kazi zaidi hatua zinapoongezeka. Maumivu mapya sehemu hizo ni ishara ya kurudi nyuma, si ya kuvumilia. Na mkimbiaji asiye na maumivu, anayekwenda vizuri kwa hatua zake 160, hana sababu ya kuzibadilisha kwa kuwa tu amesoma namba mahali.

Kuhusu barabara zenye magari, matatu na bodaboda, ushauri ni mfupi. Pigo lisikike kwa sauti ya simu mfukoni au kwa sikio moja. Masikio yote mawili yakizibwa, honi haisikiki.

Taa zisizo na sauti

Mashindano ya kimataifa yana sheria yake. Kwa kanuni za Shirikisho la Riadha la Dunia, kubeba simu, redio au kifaa cha muziki ndani ya eneo la mashindano ni kupokea msaada usioruhusiwa. Chama cha riadha cha Marekani kiliwahi kuwapiga marufuku vipokea sauti wakimbiaji wote mwaka 2007, kisha kikalegeza kwa wale wasiowania zawadi. Muziki wa vipaza sauti vya uwanja, kama ule wa Gebrselassie, humfikia kila mtu, na haumhesabiwi mmoja.

Lakini kanuni hizohizo zinaruhusu taa. Katika miaka ya karibuni baadhi ya viwanja vimewekewa taa ndogo kwenye ukingo wa ndani, zinazowaka moja baada ya nyingine kwa kasi iliyopangwa, kiasi kwamba mwanga huonekana ukikimbia mbele ya mwanariadha. Mganda Joshua Cheptegei alikimbia sambamba na mwanga huo mjini Monaco tarehe 14 Agosti 2020, akavunja rekodi ya mita 5,000 iliyokuwa ya Kenenisa Bekele tangu mwaka 2004, kwa dakika 12:35.36. Ni wastani wa sekunde 60.4 kwa mzunguko. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo, mjini Valencia, alivunja na ile ya mita 10,000 kwa dakika 26:11.00, usiku huohuo Letesenbet Gidey wa Ethiopia akavunja ya mita 5,000 ya wanawake. Mjini Vienna mwaka 2019, Kipchoge aliongozwa na mstari wa mwanga uliotupwa barabarani na gari, pamoja na waweka kasi 41 waliopokezana, akamaliza marathoni kwa saa 1:59:40. Muda huo haukuandikwa kuwa rekodi kwa sababu ya upokezanaji huo na kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi.

Mwanga na pigo havifanyi kazi moja. Pigo huuambia mguu wakati wa kutua. Mwanga huonyesha mahali ambapo mwili unapaswa kuwa, na kuuachia mguu utafute mdundo wake. Ubishi uliopo ni juu ya mwanga. Wapo wanaosema kwamba rekodi za taa si sawa na za zamani, kwa kuwa sehemu ngumu ya mbio ndefu, yaani kujua kasi bila kuonyeshwa, imeondolewa. Wengine hujibu kwamba waweka kasi wamekuwapo kwa miongo mingi, na taa haimkingi mtu upepo kama wao.

Katika Olimpiki hakuna taa wala waweka kasi wa kukodiwa. Mjini Paris tarehe 2 Agosti 2024, katika fainali ya mita 10,000, Waethiopia watatu walipokezana kuongoza kwa mwendo mkali tangu mapema, na Cheptegei akakaa nyuma yao, mzunguko baada ya mzunguko. Alijitokeza mbele kuelekea mzunguko wa mwisho, akamaliza kwa dakika 26:43.14, rekodi mpya ya Olimpiki.